Mstari Usiong'aa

"Rudia hilo neno," alisema Bwana Bado, spana mkononi.

"Nimesema sidiai yangu imebadilishwa, na juzi pikipiki ilikuwa mikononi mwako."

"Hukusema imebadilishwa. Umesema imeibwa. Tena umesema mbele ya wateja."

Wateja wenyewe walikuwa wawili, mmoja kalala kwenye benchi kofia usoni, mwingine anakunywa chai. Sauti zilivyopanda, yule wa benchi alitoa kofia asipitwe. Ilikuwa Jumatano, saa tatu kasorobo asubuhi, gereji ndiyo kwanza imefunguliwa. Rula alikuwa ameisukuma pikipiki kilomita moja na nusu kutoka nyumbani. Angeweza kuja nayo polepole, maana taratibu ilikuwa inakwenda, ila hakutaka kugusa chochote. Moyoni alishasema huu ni ushahidi. Sasa mtu akishasukuma ushahidi kilomita moja na nusu, jasho limefika kiunoni, adabu inayobaki ni ya kuokoteza.

Rula si jina la kuzaliwa. Darasani walimpachika kwa sababu alikuwa anapima kila kitu, mpaka unene wa chapati za rafiki yake, na shule ilipoisha jina likamfuata nyumbani. Shule iliisha miezi minane iliyopita. Miezi minane ya kukaa, kuamka, kukaa. Ndipo ikapatikana kazi: kubeba sampuli za damu kutoka zahanati hadi maabara kuu, ukiwa na pikipiki yako na leseni yako. Mkuu wa maabara hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema Jumatatu ijayo saa moja asubuhi leseni iwe mezani, isipokuwepo anamchukua mwingine. Na jaribio la leseni lilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri, unakwenda na pikipiki yako mwenyewe, na sehemu ya pili ni barabara kuu, mlima mrefu ule ambao hata malori yanaupanda kwa kulia.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, ya michezo, injini ya CC mia na hamsini, makava mekundu ya plastiki, usukani wa chini unaokulaza kama unatafuta sarafu. Ilimzidi Rula miaka mitatu. Kitu cha umri ule hukinunui ukakisahau, ni kama kuoa mama mwenye watoto, umechukua na historia. Kila Jumamosi saa moja asubuhi Rula alikuwa chini pale na daftari: cheni anaipima kwa rula, oili anaitazama pikipiki ikiwa imesimama wima, matairi, breki. Halafu kila bolti aliyoihakikisha aliichora mstari kwa rangi ya kucha ya dada yake, mstari unaoanzia kwenye kifaa chenyewe, unavuka mpaka kwenye fremu. Bolti ikicheza, mstari unakatika, unaona kwa macho tu. Dada alinuna wiki nzima kwa ile chupa. Ilikuwa rangi nyekundu yenye chembe za kung'aa, ya sherehe.

Jumanne jioni, saa kumi na dakika ishirini, pikipiki ilimfia mlimani. Mshale wa mizunguko ulipogusa elfu sita, injini ikakohoa, ikakata, ikashika tena, ikakata. Akarudi nayo taratibu, akafungua siti. Chini ya siti ndiyo inakaa sidiai, kisanduku cheusi kama kiberiti kikubwa, kinachopeleka moto kwenye plagi. Kilikuwepo. Mstari mwekundu ulikuwepo. Ila haukuwa unang'aa.

Akaukwangua kwa ukucha. Upande wa fremu, chini ya ule wekundu butu, zikatokea chembe za kung'aa, mstari wake wa zamani uko palepale. Upande wa kisanduku, alipokwangua, alikutana na plastiki tupu. Kwa hiyo fremu ni ileile, kisanduku siyo kilekile. Mtu ametoa cha Rula, ameweka kingine, kisha akachora juu ili asionekane.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akaenda kwa mtu wa kwanza aliyemjia kichwani, na ndiyo hao sasa wanafokeana.

"Umemaliza?" Bwana Bado aliuliza. Walimwita Bado kwa sababu ukimuuliza kama kazi yako tayari, jibu lilikuwa moja tu, tangu dunia iumbwe.

"Bado," Rula alijibu, na mteja wa chai akapaliwa.

Bwana Bado mwenyewe alijizuia kucheka, akashindwa, na hasira ikapungua robo. Akaweka spana chini. Akasema kijana, hilo daftari lako si unatembea nalo kama hirizi, hebu lifungue Jumatatu.

Rula akalifungua. Mwandiko wake mwenyewe ukamtazama usoni: *Jumatatu, saa tatu na dakika kumi. B. Bado kaizungusha uwanjani kabla ya kazi. Anasema inakohoa juu. Labda plagi.*

"Kabla ya kazi," Bwana Bado alisoma kwa kidole cha oili, akaacha alama. "Sijashika hata spana. Nilikwambia inakohoa, ukaniona natafuta kukuuzia plagi. Na Jumamosi umeandika nini?"

Jumamosi ilikuwa imeandikwa saa moja na nusu asubuhi, mistari yote mizima, imepanda mlima bila tatizo.

"Basi mwizi wako amekuja kati ya Jumamosi asubuhi na Jumatatu asubuhi," alisema fundi. "Jumapili mimi nafunga. Omba msamaha, nikuoneshe kitu."

Rula akaomba, mbele ya wateja walewale. Bwana Bado akakilegeza kisanduku, akakigeuza kwenye mwanga. Kona moja ilikuwa imechimbwa kisha ikazibwa kwa gundi, na mchimbo wenyewe haukuwa wa bisibisi. Ulikuwa laini, umeyeyuka pembeni.

"Mtu amejaribu kukifungua akitengeneze. Hiki hakifunguki, ndani kimemwagiwa gundi ngumu kama jiwe. Mimi ningekipiga nyundo. Huyu ametumia kitu cha moto, kidogo, chenye ncha. Mtu msafi." Alisema neno msafi kama tusi. Kisha akaongeza kwamba sidiai halisi za pikipiki hizi hazitengenezwi tena, na hizi za kuiga zote zinakata moto mshale ukipanda. Aliye na halisi ana dhahabu. "Mimi nilikwambia tangu mwanzo ungechukua ile."

Alinyoosha kidevu ukutani. Pale ilikuwa imesimama pikipiki nyeusi ya aina tofauti, mpya kidogo kuliko ya Rula. Rula aliijua. Waliitazama yeye na mjomba wake siku ileile waliponunua hii nyekundu, na mjomba akasema ina fremu iliyopinda, tuondoke.

"Si imepinda?"

"Nani kasema? Mwenyewe haniletei kitu zaidi ya oili. Imenyooka kama wewe." Akacheka utani wake mwenyewe.

Rula hakucheka. Alifikiri mjomba amekosea tu, macho ya mjomba siku hizi si mazuri, hata bisibisi alikuwa anaitafuta kwa kupapasa. Akaliweka lile neno pembeni, akaandika kwenye daftari mstari mmoja: *Jumapili. Nani alikuwepo?*

Walikuwepo watatu. Dada. Mjomba. Na nesi mmoja, ndiye aliyemuuzia pikipiki.

Alianza na aliye karibu. Dada alikuwa na saluni ya viti viwili, na saa nne ile alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Rula hakupoteza muda. Alimkumbusha kwamba wiki iliyopita alisema pikipiki ile angeitupa mtoni kwa mikono yake.

"Nilisema na narudia," dada akajibu bila kugeuka. "Goti lako nani alilisafisha ulipoanguka? Siyo mimi na maji ya chumvi?"

"Jumapili mchana nilipotoka, wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni, napika, nyinyi wafalme mle." Kisha akageuka, akamtazama vizuri. "Unanihoji mimi? Mdogo wangu, wewe ulikuwa unalia ukiota umepotea sokoni, leo ndiyo unanihoji?"

Mteja mwenye nusu kichwa akasema mwache amalize, ni kazi yake. Rula akatoa kitambaa alichofungia magamba ya ile rangi butu. Dada akayaangalia mara moja tu, akavuta mtoto wa meza, akatoa ile chupa ya sherehe. Ilikuwa imejaa nusu, inang'aa.

"Ningekuwa mimi," alisema, "ningetumia hii. Iko hapa, nyumbani iko nyingine. Nikatafute nyekundu ya bei rahisi ya nini? Aliyefanya hivi hana rangi ya kucha. Amechukua wekundu aliokuwa nao."

Rula akaandika: *Wekundu aliokuwa nao.*

Nesi alimkuta zahanati saa saba mchana, mapumziko, amevua viatu chini ya meza. Huyu ndiye Rula alikuwa akimshuku njia nzima. Jumapili saa nane alikuja nyumbani kuleta ufunguo wa akiba, ufunguo unaofungua na siti, na Rula alipoingia ndani kumletea maji alimwacha peke yake na pikipiki. Halafu alikuwa amepiga simu mara mbili wiki hii, anauliza pikipiki inaendeleaje. Muuzaji gani anapiga simu? Muuzaji akishahesabu, anahama hata mtaa.

"Napiga kujua kama uko hai," nesi alisema. "Wodini kwetu wanafunzi wa pikipiki tunawajua kwa majina. Ukiwa kimya siku mbili naangalia kitanda cha dirishani."

Rula akamuuliza kwa nini aliiuza. Mgongo, alisema. Miaka tisa ameiendesha, mgongo ukamwambia basi. Kama angeitaka ile sidiai angeitoa kabla ya kuuza, nani angejua? Na Rula akaona ni kweli, ni kweli kabisa, mtu haibi chake mwenyewe baada ya kukiuza kama alikuwa nacho miaka tisa.

Alikuwa ameshainuka aliposikia nesi anaendelea, kama mtu anayejisemea.

"Ila ninyi na hicho kisanduku. Tangu ile simu yako ya kwanza."

"Simu gani?"

"Kabla hamjaja. Mtu kanipigia, hakuuliza imetembea kilomita ngapi, hakuuliza bei. Kaniomba nifungue siti nimsomee namba za kisanduku cheusi. Nikamsomea. Kesho yake mkaja, wewe na mjomba wako. Nikajua ulikuwa wewe."

"Sikuwa mimi."

"Basi alikuwa nani?"

Rula akakaa tena. Alikuwa ameirudia siku ile ya kununua, wiki tatu nyuma, uani kwa nesi, saa nne asubuhi. Tangazo nani alilileta? Mjomba, amelikata gazetini. Na mjomba alifanya nini alipofika? Mtu yeyote anayenunua pikipiki ya zamani kwanza anaweka kiganja kwenye injini, ajue kama ni baridi au imewashwa kabla kuficha ubovu. Mjomba ndiye aliyemfundisha hivyo. Lakini siku ile mjomba hakushika injini. Alisema, mama, naomba ufunguo, nifungue siti. Akainama, akatazama, akasema hii ndiyo. Haijawashwa hata.

Alirudi saluni saa tisa kwa pikipiki, taratibu, anajiambia hapana. Mjomba ni mjomba. Baba yao alipofariki ni mjomba aliyekuwa akija kila Jumapili, na anakuja mpaka leo. Jumapili hii alikuja vilevile. Baada ya nesi kuondoka alikagua pikipiki, akasema balbu ya nyuma itakufa karibuni, kimbia ukanunue nyingine, niachie funguo nijaribu taa. Ufunguo ambao Rula alikuwa anaoga nao shingoni. Duka la spea liko mbali, alitumia dakika arobaini. Na ile balbu ya zamani ilikuwa bado inawaka.

Saluni, redio ilikuwa inakwaruza. Dada akamwambia ipige mgongoni, mjomba aliitengeneza juzijuzi na imeanza tena. Rula akaigeuza.

Nyuma, kwenye tundu la kurekebishia stesheni, juu ya kiskrubu kidogo, kulikuwa na tone la rangi nyekundu. Butu. Limepakwa kwa kitu kisicho brashi, kama kijiti cha kiberiti. Mafundi wa redio wanafanya hivyo, wakishapata mawimbi wanaziba skrubu kwa rangi isicheze. Ni wazo lilelile la Rula na bolti zake. Aliweka gamba kutoka kwenye kitambaa kando ya tone. Akatazama. Akatazama tena, kwa sababu alikuwa anaomba zitofautiane.

"Vipi?" dada aliuliza.

"Naenda kwa mjomba," alisema. Akatoka nje, akakitoa kile kisanduku kibovu kwenye pikipiki kwa spana namba kumi, akakitia mfukoni, akaenda kwa miguu.

Duka la mjomba lilikuwa chumba kimoja mbele na kimoja nyuma, na kile cha nyuma siku zote kilikuwa na kufuli. Saa kumi na nusu. Mjomba alikuwa ameinamia redio iliyopasuliwa, pua karibu iguse waya, kifaa cha kulehemu kinatoa moshi mwembamba mkononi mwake. Kitu cha moto, kidogo, chenye ncha. Rula alikuwa amekiona kifaa kile maisha yake yote.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, baba. Pikipiki inasemaje?"

"Haisemi, inakohoa." Akakiweka kisanduku mezani, kona iliyochimbwa ikiwa juu.

Mjomba hakukishika. Alisema vitu vya zamani ndivyo vilivyo, vinachoka. Akasema labda Bwana Bado, wale watu wa gereji si wa kuaminiwa. Rula akamsimulia daftari la Jumatatu. Mjomba akasema basi yule mwanamke. Rula akamsimulia simu. Kila jina mjomba alilotoa Rula alikuwa ameshalipitia, na alilirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha vyombo vya watu. Majina yalipokwisha, alichukua kichupa cha rangi kilichokuwa kando ya redio, akachovya kijiti, akachora mstari juu ya kile kisanduku, sambamba na mstari uliokuwepo. Mistari miwili, pacha.

"Rangi nyekundu ziko nyingi duniani," mjomba alisema.

"Ndiyo. Fungua mlango wa nyuma, mjomba."

Redio iliyopasuliwa ikatoa sauti kidogo, ikanyamaza. Mjomba alizima kifaa chake, akakifuta ncha, akatoa ufunguo kwenye soksi. Alitangulia yeye, anapapasa ukuta kutafuta swichi.

Ilikuwa imefunikwa shuka. Chini ya shuka, pikipiki ileile ya Rula, aina ileile, mwaka uleule, ila ya bluu, safi kama imetoka kwenye boksi jana. Ile ya ujana wake, ambayo mjomba alisema aliiuza zamani. Siti ilikuwa wazi. Na pale chini, kwenye kona ya kisanduku cheusi, kulikuwa na nusu ya mstari mwekundu, umekatika ghafla ukingoni kwa sababu nusu yake ya pili ilikuwa kwenye fremu ya mtu mwingine. Taa ilipouangukia, ukang'aa.

Mjomba akaketi kwenye debe.

Alisema ilikufa miaka kumi na moja iliyopita, siku moja tu, mlimani, kama ya Rula. Amenunua za kuiga saba. Amejaribu kuifungua ile iliyo mezani aitengeneze, ameshindwa. Na mwaka huu daktari wa macho amemwambia mishipa imekauka, ikifika mwakani asiendeshe hata baiskeli. Alitaka kupanda nayo mlima mara moja. Jumapili ijayo alfajiri, barabara ikiwa tupu, halafu angeirudisha, haki ya nani angeirudisha.

"Jaribio ni Ijumaa."

"Najua."

"Unajua. Na Jumatatu ni kazi, unajua."

"Wewe kijana, jaribio utafanya tena. Mimi macho siyafanyi tena."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

"Ningekupa Ijumaa jioni. Ukae nayo mwezi."

Mjomba akainamisha kichwa. Rula akauliza lile aliloliogopa tangu zahanati, na aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Ile nyeusi. Fremu yake ilikuwa imepinda?"

Mjomba alitazama mikono yake.

"Mjomba."

"Haikuwa imepinda," alisema. "Ilikuwa nzuri kuliko hii."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Hakuwa amechaguliwa pikipiki. Kilichaguliwa kisanduku, na yeye akapewa pikipiki iliyokizunguka. Rula akatoa spana namba kumi, akapiga goti.

"Mara moja," mjomba alisema. "Kabla hujaitoa. Niisikie ikifika juu. Sijaiwasha tangu Jumapili, niliogopa majirani wasikuambie."

Rula alibaki na spana hewani. Halafu akasogea kidogo.

Mjomba alipapasa mpaka akapata kitufe. Iliwaka kwa mara ya kwanza, ikatulia, na akaipandisha polepole. Elfu nne. Elfu sita. Haikukohoa. Elfu nane, ikaimba mpaka redio za chumba cha mbele zikatetemeka kwenye rafu, na mjomba alikuwa amefumba yale macho, mdomo wazi kama mtoto anayekunywa mvua. Rula alimwacha. Alihesabu moyoni mpaka ishirini, kisha akanyoosha mkono, akazungusha ufunguo mwenyewe.

Bolti mbili. Akakitia mfukoni kikiwa bado na joto. Kile kibovu alikiacha mezani, mistari miwili juu yake haijakauka.

"Ijumaa nakuja kukusindikiza," mjomba alisema kutoka nyuma. "Saa nane niko kwenu."

"Usije, mjomba."

"Na Jumapili?"

Rula alisimama. Mlango wa duka lile ulikuwa mkaidi, usipoujua hauingii kwenye fremu. Akauinua kidogo kwa mkono wa kushoto, kama mjomba alivyomfundisha akiwa na miaka saba, akaufunga nyuma yake.